Maji Yaliyoingia Shambani kwa Hamed

Nyinyi vijana mnaopokea wageni katika kijiji cha Tahuna, mkiwatembeza kwenye nyumba za zamani na kuwaonesha kinu cha maji, mimi sina ugomvi na nyinyi. Nimestaafu, magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na kazi mnaifanya vizuri. Lakini wiki iliyopita mjukuu wangu Raya, ambaye ni mmoja wenu, alikuja kunitazama hapa Ibra. Tukiwa tunakunywa kahawa akanisimulia kuwa mgeni mmoja alimwona mzee mwenye jembe akifungulia maji kishamba cha mitende kilichopo upande wa juu wa kinu, kishamba kisichokuwa na mtu, akauliza yule ni nani. Raya akamjibu kuwa ni mtunza bustani wa kijiji.

Kahawa ilinipalia. Raya akanipiga mgongoni akidhani nakufa.

"Babu, nimesema vibaya?"

Nikamwambia hukusema vibaya, umesema uwongo bila ya kujua, na lawama ni yetu sisi tuliokuwepo tukanyamaza. Yule si mtunza bustani wa mtu yeyote. Anaitwa Hamed, ana shamba lake mwenyewe chini ya kinu, na lau si yeye na bibi mmoja aliyekwisha kufariki, hicho kinu kingekuwa shimo lililojazwa zege. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Someni mkipata nafasi, hata mkisoma wakati wa mapumziko ya adhuhuri si haba.

Jina langu Sleiman. Kazini waliniita Ami Sleiman, hata wale walionizidi umri, na nilipoacha kukasirika nikatambua kuwa ni heshima. Nimezaliwa Unguja mjini, nikafundishwa uashi na mjomba wangu aliyekuwa fundi wa chokaa. Nilipokuja Oman nikiwa kijana nilidhani kuta nazijua. Nilizozijua ni kuta za mawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Huku nikakuta kuta za udongo, dari za magogo ya mitende, na watu wazima wanalala chini yake bila ya wasiwasi. Nikaingia katika kikosi cha mafundi wa kutengeneza majengo ya zamani, na humo nikazeeka: Nizwa, Fanja, Jalan, Ibra, mpaka Tahuna.

Msimamizi wetu wa mwanzo alikuwa Ami Nassor, naye mtu wa Unguja kama mimi. Mkarimu, mwenye kauli nzuri. Tatizo lake lilikuwa moja, akiuona ukuta wa udongo anauonea haya. Tulipokuwa Fanja, katika mtaa wa zamani ulio juu ya kilima, alituamrisha tuupake chokaa ukuta mzima wa mbele, mweupe pee. Fundi wetu wa udongo, Mzee Marhun wa Nizwa, aliusogelea ukuta ule, akaugonga kwa kidole, akauliza kwa Kiarabu, "Huu utapumua wapi?" Ami Nassor akamjibu kuwa ukuta haupumui, ukuta unasimama.

Siku ya wageni kuja kutazama kazi tumevaa vizuri, kahawa na halua zimetandikwa, bamba zima la chokaa likajibandua kuanzia juu, likaanguka pembeni ya sinia ya halua kwa kishindo kilichowarusha njiwa wote wa kilima kile. Hakuumia mtu. Vumbi lilipotulia Ami Nassor alijikung'uta bega, akamgeukia mkubwa wa wageni, akasema, "Na sehemu hii, bwana, tumeiacha wazi makusudi, ili muuone udongo wa asili." Wakaipiga picha. Tangu siku hiyo hatukupaka tena chokaa juu ya udongo, na Ami Nassor akawa wa kwanza kuwaeleza wengine sababu yake, kama kwamba aliigundua yeye.

Aliyetufundisha udongo ni Marhun. Alikuwa mfupi, mkimya, na Kiswahili alichookota kwetu kilikuwa cha kufukuzia mbuzi tu. Udongo aliutaka wa wadi, yaani wa bonde la mto mkavu, si wa mlimani. Unauchanganya na makapi ya ngano, unautia maji, unauacha mpaka unuke. Vijana wengi hapa ndipo wanapokunja pua. Lakini udongo usionuka haujawa tayari, na tofali lake litapasuka. Marhun alichukua bonge akalinusa kama unavyonusa tikiti sokoni, halafu akaliviringa liwe kamba nyembamba, akalining'iniza kidoleni. Likikatika mapema, mchanga umezidi. Likimganda mkononi, mchanga umepungua. Siku hizi mnarusha kile kidege chenye kamera, kinalipima paa kabla sisi hatujaipata ngazi. Nakionea wivu, sifichi, mguu wangu mmoja ulivunjika Jalan kwa sababu ya ngazi. Ila kidege hakinusi udongo, basi pua zenu msizistaafishe.

Somo kubwa la Marhun lilikuwa kuyaogopa maji. Mvua ikinyesha, kahawa iache, panda juu. Itazame ile mifereji ya mbao inayoyatema maji ya paa mbali na ukuta. Jani moja la mtende likiziba, dimbwi linakaa juu ya dari na dari inashuka chini. Tazama mguu wa ukuta. Tazama mashimo ya panya, kwa sababu maji yana akili ya panya, hupita alipopita. Miaka yote niliyofanya kazi na Marhun tulikuwa tukifukuza maji. Likumbukeni hilo, kwa sababu Tahuna ilikuja ikatutia adabu sote wawili.

Tahuna mnaijua. Nyumba zimejipanga kwenye ukingo wa wadi, pana sabla ambamo wanaume walikutana, msikiti mdogo na birika lake, na ghala ya tende yenye sakafu ya michirizi. Ile michirizi ilikuwa ya kuchuruzia asali ya tende, magunia yakirundikwa juu yake. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kama watu walikuwa wakioga pale wamelala. Nilimwambia siyo, na baadaye nikajuta, maana ingekuwa hadithi nzuri. Na mwisho kabisa wa kijiji ndipo ilipo nyumba ya kinu.

Bibi zetu Unguja walikuwa na kijaa cha mkono, mawe mawili, moja juu ya jingine, unazungusha huku unaimba. Kinu cha Tahuna ni kijaa hicho hicho, ila kinazungushwa na maji ya falaji. Falaji, kwa wale ambao hawakukulia mashambani, ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi huko mlimani mpaka kijijini. Maji yake yanaingia juu ya mnara wa mawe wenye shimo katikati, yanajaa humo, yanatoka chini kwa tundu dogo, kwa nguvu, yanapiga mapanga ya gurudumu la mbao lililolazwa. Gurudumu linazungusha jiwe la juu. Hiyo ndiyo mashine nzima. Ukiielewa hiyo huna haja ya kibao cha maelezo.

Tulipofika sisi kinu kilikuwa kimenyamaza miaka mingi. Mnara umejaa kokoto, gurudumu limeliwa na mchwa. Msagaji wa mwisho alishafariki, lakini binti yake alikuwepo, Bi Zeyana, mwanamke mtu mzima anayekaa ng'ambo ya wadi katika nyumba mpya, na kishamba chake cha mitende kikiwa juu ya kinu, ndicho hicho alichokiuliza mgeni wa Raya. Ujanani aliolewa Wete, akakaa Pemba miaka kadhaa, akarudi na Kiswahili chake. Siku ya kwanza nilimkuta amekaa juu ya jiwe mlangoni mwa kinu, anatukagua.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Wa Unguja weye, nakusikia. Wa Unguja mwajua kusema. Kufanya ndo n'takuja kuona."

Alikuja kuona kila siku. Akileta tende na kahawa, na maneno. Tulipoling'oa gurudumu bovu alisimama kando akisema "polepole, polepole," kama kwamba tunamtoa mgonjwa kitandani. Baba yake alisaga unga wa kijiji kizima humo, na yeye alikulia katika lile vumbi jeupe. Hakuomba kitu kingine chochote kwetu. Alitaka kinu kizunguke angali hai, na alilisema hilo wazi, bila ya aibu.

Mnara tuliusafisha, tukaupaka ndani saruji ya zamani. Hii siyo ya mifuko. Ni udongo wa shambani unaochomwa kwa magogo ya mitende siku kadhaa, ukapondwa, ukachanganywa na maji, ukapigwapigwa ukutani mpaka ushikane. Ilitoka kazi nzuri sana. Tuliipenda hata tukaufunika mnara juu kwa bati, mvua isije ikaiharibu. Niwaambie tena mlielewe: tulikwenda kufunika kinu cha maji ili kisiingie maji. Hakuna aliyecheka, kwa sababu sote tulikuwa wanafunzi wa Marhun, na Marhun mwenyewe ndiye aliyelikata bati.

Kiangazi kikaja. Mnara ukapasuka kutoka juu mpaka chini, ufa wa kuingia kidole. Tukaubandua, tukaupaka upya, tukafunika tena. Kiangazi cha pili ukapasuka pale pale. Safari hii wakubwa wa kazi walikuja, wakatazama, wakasema maneno ya maana kwa upande wao. Hatuwezi kutengeneza kitu kimoja kila mwaka. Ukipasuka tena, shimo lijazwe zege lisije likaanguka juu ya mtu, na mawe ya kusagia yapelekwe kwenye chumba cha maonesho. Bi Zeyana alikuwa juu ya jiwe lake, akasikia.

"Ati babangu mwataka kumtia zege?" aliniuliza walipoondoka. Nilikwenda kumsaidia Marhun kuosha makarai ambayo yalikuwa safi.

Jibu lilitoka kwenye birika la msikiti. Tulikuwa tumekaa pale tunatawadha, mimi na Marhun, na mkono wake ukasita ukutani mwa birika. Ilikuwa saruji ile ile, ya tangu babu zao, na haina hata ufa mmoja. Akanitazama. Nikamtazama. Birika halijawahi kukauka, kila siku lina maji. Marhun alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa chini, akasema, "Huyu hajawahi kuona kiu." Tulisali, nami nakiri kwamba akili yangu haikuwa yote msikitini. Nyumba ya udongo inakufa kwa maji, na mnara wa kinu ulikuwa unakufa kwa ukavu. Tulikuwa tunamnyima maji mgonjwa wa kiu.

Basi sasa shida ikawa maji yenyewe. Hapa inabidi muelewe zamu, vijana, na najua kuwa baadhi yenu maji mnayoyajua ni ya bomba. Maji ya falaji yana wenyewe. Kila mwenye shamba ana zamu yake aliyoirithi, zamani ikipimwa kwa kivuli cha kijiti, siku hizi kwa simu. Zamu ikiisha, unafunga. Ukichukua maji ya zamu ya mtu, hata kwa kujisahau, mzigo wake unabaki shingoni mwako mpaka umrudishie au akusamehe. Watu wa huku mbuzi akiingia shamba la mwenzake wanacheka, lakini maji yakiingia hawacheki.

Zamu iliyotufaa ilikuwa ya Hamed. Shamba lake ndilo la kwanza chini ya kinu, kwa hiyo maji yake yangeweza kupita kwenye mnara, yakazungusha gurudumu, yakashuka kwake bila ya kumkosesha mtu mwingine. Tulikwenda kumwomba sabla, mbele ya wazee na wakili wa falaji anayesimamia zamu. Hamed alikuwa mtu mrefu, ndevu kidogo, anayezungumza huku anatazama mikono yake. Kiswahili hajui, maneno yake nayaandika nilivyoyaelewa.

"Mnara wenu mkavu," akasema. "Mkavu una kiu kuliko mtende. Utakunywa zamu yangu yote, na mitende yangu itapata harufu tu. Mwaka wenyewe huu mnauona."

Tuliuona. Falaji ilikuwa nyembamba mwaka ule, maji yanapita sakafuni mwa mfereji kama kamba, na Hamed alikuwa na mitende michanga aliyoipanda karibuni. Alisema angelikubali lau mnara ungekuwa umeshalowa. Lakini yule wa kuulowesha mara ya kwanza, asiwe yeye. Hakuna aliyemlaumu. Mimi nilimchukia kwa muda wa kutoka sabla mpaka kwenye gari, halafu nikaona kuwa ningekuwa yeye ningesema vile vile.

Bi Zeyana akatukuta njiani.

"Kakataa?"

"Kakataa."

"Zamu yangu keshokutwa. Nawapa."

Nilimwambia, Bi Zeyana, shamba lako liko juu ya kinu. Maji yakishapita mnarani hayapandi tena kurudi kwako. Na mitende yako ya aina ya mabsali ndiyo kwanza inajaza tende, ukikosa zamu hii zitanyauka.

"Mwanangu, n'na miaka mingapi ya kula tende?" akasema. "Ntazila wapi zote?" Kisha akaongeza, na hapo sauti ilimpungua, "Mtende mmoja pale kaupanda babangu. Huo usije ukafa, basi."

Asubuhi ya zamu yake tulikuwepo sote. Ule ufa mkubwa tulikuwa tumeshauziba kwa saruji ile ile, zilibaki nyufa ndogo. Marhun alikuja na makapu ya udongo mwembamba aliouchekecha mwenyewe. Jifunzeni hili: mnara wenye nyufa ndogo usiukimbilie na mwiko. Tia udongo mwembamba kwenye maji yanayoingia. Maji yakikimbilia ufa yanauchukua udongo nao unakwama humo, na ufa unajiziba wenyewe. Alikuwa akitia konzi baada ya konzi, uso umejaa wasiwasi. Umri wote aliyafukuza maji, na leo anayakaribisha.

Bi Zeyana alifungua mwenyewe. Maji yakaingia, na mnara ukaanza kunywa. Mlio wake siusahau, kama chuma cha moto kinapotiwa ndani ya ndoo. Tulichungulia juu tukaona giza tu. Yaliingia, yakaingia, hayapandi. Nilimwona Bi Zeyana anageuza shingo kutazama mitende yake, halafu anairudisha haraka. Nilitaka kumwambia tufunge, tumrudishie yaliyobaki. Marhun akanishika mkono.

Halafu maji yakaonekana. Yakapanda taratibu mpaka mdomoni mwa mnara, na huko chini gurudumu likalia, likasita, likazunguka. Jiwe la juu likaanza kwenda. Halikusaga kitu, hakukuwa na ngano, lakini lilikwenda. Bi Zeyana aliweka kiganja juu ya jiwe, akakiacha kizungushwe nalo mpaka mkono ulipofika mwisho, akaurudisha, akauweka tena. Analia na anacheka. Mimi pia nililia, na Marhun akasema vumbi, ingawa kila kitu pale kilikuwa kimelowa.

Tulikuwa tunatazama juu sote, na kosa letu lilikuwa hilo. Hakuna hata mmoja aliyetazama chini, maji yanakwenda wapi. Mfereji wa kutokea kinuni ulikuwa mkavu miaka mingi, umesahauliwa. Ilitupasa tuuelekeze kwenye wadi. Hatukuuelekeza, na maji yakashuka yanakojua.

Hamed alikuja mbio, kanzu ameikunja kiunoni, jembe mkononi, miguu imejaa tope. Nilidhani anakuja kushukuru.

"Nani kanifungulia maji?" akauliza. "Leo si zamu yangu. Mitende yangu imesimama ndani ya maji ya mtu."

"Ni yangu," Bi Zeyana akasema. "Nimekipa kinu."

"Umekipa kinu, yamekuja kwangu. Hukunipa, wala sikukuomba. Sasa yameshaingia kwenye mizizi, nitayatoa vipi?"

Mimi na u-Unguja wangu nikaingia kati. Nikamwambia, "Akhi Hamed, hiyo ni riziki tu, ipokee." Alinitazama kama mtu aliyepewa mbuzi wa wizi. Akamgeukia Bi Zeyana, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Bi Zeyana. Sema umenisamehe, niende zangu."

Neno dogo. Mtu yeyote angelisema. Bi Zeyana alitazama kishamba chake juu, akatazama gurudumu ambalo sasa lilikuwa linapunguza mwendo, maji ya zamu yanakwisha.

"Sikusamehe," akasema.

Marhun aliangusha kapu. Sijapata kumwona mwanamke wa makamo yale akimkatalia msamaha mtu aliyeomba kwa adabu. Hamed uso ulimbadilika.

"Nirudishie," akaendelea Bi Zeyana, kwa Kiarabu safi cha kwao. "Zamu yako ikija, nirudishie yaliyokufika. Na yanayobaki yapitishe kinuni. Mnara umeshalowa, haukudai tena."

"Yaliyonifika ni kiasi gani?"

"Mimi nimefungulia zamu nzima."

"Lakini mnara umekunywa."

"Umekunywa kiasi gani?"

Hamed alikwenda akachungulia ndani ya mnara, akakaa hapo muda, kisha akarudi. Alimtazama Marhun, Marhun akatazama makapu yake. Hakuna njia ya kulijua jambo lile, na sote tulikuwa tunalijua hilo.

"Basi," akasema Bi Zeyana, "rudisha mpaka moyo wako utulie."

Hamed alipoondoka nilimwendea Bi Zeyana. Nilikuwa nimeudhika kidogo, nilimhurumia yule bwana. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Bi Zeyana, ungemsamehe tu."

"Ningemsamehe angekwenda zake," akanijibu, "na kinu kingekauka. We hujui watu wa huku. Akiwa na cha mtu, hapati usingizi."

Zamu ya Hamed ilipofika alifanya kama alivyoambiwa. Alifungua kwanza shamba la Bi Zeyana, akasimama na simu yake mkononi, kisha akayapitisha yaliyobaki kwenye mnara. Mnara haukunywa. Maji yote yalishuka kwake, na gurudumu likazunguka. Aliliona hilo mwenyewe, akapapasa ukuta wa mnara kwa kiganja kama alivyopapasa Marhun birika, akasema kumbe. Kuanzia hapo kila zamu yake ikawa inapita kinuni. Kiangazi kikaja, kikaondoka, mnara haukupasuka. Wakubwa wa kazi walipokuja kukagua tuliwaambia nusu ya habari, maana nusu ya pili ingewachanganya. Bati lile Marhun alilichukua kufunikia banda la kuku.

Mwaka ule tende za Bi Zeyana zilinyauka baadhi, baadhi zikapona. Mtende wa baba yake ulipona. Alikuwa akikaa juu ya jiwe lake kila zamu ya Hamed, na mara moja moja akileta ngano, akasaga kidogo, akawapa wageni wauguse unga ungali moto. Hamed akipita na jembe lake walisalimiana kwa adabu. Zamu kwa zamu, kwanza kwa Bi Zeyana, kisha kinuni. Sikupata kusikia wakilizungumza jambo lile tena.

Bi Zeyana alipougua nilikwenda kumtazama. Alikuwa amekonda, ila macho yale yale. Alimwita Hamed, akaja, akakaa karibu na mlango. Bi Zeyana akamwambia mbele yangu na mbele ya watoto wake, "Hamed, nimekusamehe, duniani na akhera." Hamed akamwombea dua, akanyanyuka, akatoka. Siku chache baadaye tulimzika Bi Zeyana.

Watoto wake wako Maskati, na kazi zao, na hawana wakati wa mitende. Zamu yake ya maji wamemkodisha mtu wa shamba jingine, jambo ambalo ni haki yao. Kishamba kikabaki hakina maji. Mimi nilistaafu mwaka huo huo, na nilidhani mitende ile imekwisha, na mtende wa msagaji pamoja nayo. Iliniuma, lakini niliona ndiyo dunia.

Kwa hiyo Raya, na wenzako, mgeni akiuliza kwa nini mnara haujapasuka, mwambieni kwa sababu unanyweshwa. Na nyinyi msikae mkautazama tu, siku Hamed akiwa mgonjwa mmoja wenu amwendee wakili wa falaji, mnara usikose maji. Na mgeni akiuliza tena yule mzee ni nani, mwambieni haya yafuatayo, ambayo niliyaona mwenyewe mara ya mwisho nilipokuja kuwatembelea.

Nilipanda kutoka kinuni, nikamkuta Hamed amezeeka, amesimama shambani kwa Bi Zeyana, anafungulia maji. Ilikuwa zamu yake yeye. Mitende ilikuwa kijani, yote. Tulisalimiana, tukaulizana habari. Kisha nikamwuliza lililonishangaza.

"Hamed, si alikusamehe? Nilikuwepo."

"Yeye alinisamehe," akasema. Akaonesha kwa kidevu. "Mitende hii ilikuwepo siku ile, ikakosa maji, na hakuna aliyeiuliza."

"Na moyo wako haujatulia mpaka leo?"

Aliegemea jembe, akanitazama mimi, akatazama chini.

"Sleiman, ondoa mguu wako. Umesimama juu ya mfereji."

Nikauondoa, maji yakapita, yakaenda kwenye mtende wa msagaji.